Nusukaputi kwa wenye uvimbe wa limfu: Hatari huja kabla ya kisu

MTOTO anapozaliwa akiwa na uvimbe laini shingoni, mithili ya kifuko kilichojaa maji, wazazi huuliza kwanza iwapo uvimbe huo utaondolewa, lini, na daktari gani atafanya upasuaji. Ni nadra kwa mtu kuuliza ni nani atakayemtia mtoto usingizi. Ilhali katika maradhi haya, daktari wa nusukaputi ndiye aghalabu hubeba mzigo mzito zaidi, na dakika chache kabla ya kisu kugusa ngozi huweza kuwa na hatari kubwa kuliko saa zote za upasuaji wenyewe.

Mfumo wa limfu ni mtandao wa mishipa myembamba inayokusanya majimaji yaliyovuja kutoka katika mishipa ya damu na kuyarejesha kwenye mzunguko. Kwa mtu mzima, majimaji hayo hufikia takriban lita 3 kwa siku. Njiani hupitia matezi, yale yanayovimba kinenani mtu anapokuwa na kidonda mguuni na kuitwa mitoki, ambako viini vya maradhi hunaswa. Mshipa mkuu wa limfu hupanda kifuani na kumwaga yaliyomo katika mshipa wa damu chini ya shingo, upande wa kushoto. Mfumo huo huo husafirisha mafuta kutoka utumboni. Ndiyo maana limfu inayotoka tumboni baada ya mlo huwa nyeupe kama maziwa.

Wakazi wa Pwani ya Kenya wanaufahamu mfumo huu kupitia matende na mabusha, maradhi yanayoletwa na minyoo inayosambazwa na mbu. Hayo si adimu, na upasuaji wa mabusha hufanywa mara nyingi kwa sindano ya ganzi mgongoni bila mgonjwa kupoteza fahamu. Maradhi adimu ni mengine: yale ambayo mishipa ya limfu iliumbika vibaya tangu mtoto akiwa tumboni, au ambayo chembechembe za mfumo huo huzaana pasipostahili mapafuni, kifuani au mifupani. Kwa hayo, daktari anaweza kukutana na mgonjwa mmoja tu kwa miaka kadhaa.

Linalojulikana zaidi miongoni mwayo ni uvimbe wa limfu wa kuzaliwa, ambao kwa muda mrefu umeitwa haigroma, jina lililotumiwa na daktari Mjerumani Adolf Wernher mwaka wa 1843. Inakadiriwa kwamba humpata mtoto mmoja kati ya 6,000 hivi wanaozaliwa, ingawa makadirio mengine ni ya chini zaidi. Takriban robo tatu ya uvimbe huo hutokea kichwani na shingoni. Wengi hugunduliwa kabla ya mtoto kutimiza miaka miwili, na siku hizi baadhi huonekana katika picha za ultrasaundi mama angali mjamzito.

Uvimbe huu si saratani. Hata hivyo, hauna mpaka kama jipu au chunjua. Hujipenyeza kati ya misuli, hukumbatia mishipa ya damu na neva, huingia chini ya ulimi na wakati mwingine huteremka hadi kifuani. Tafiti za miaka ya hivi karibuni zimeuhusisha na mabadiliko katika jeni iitwayo PIK3CA, mabadiliko ambayo hutokea katika baadhi ya seli za mtoto akiwa tumboni wala hayarithiwi kutoka kwa wazazi. Hili lafaa kusemwa wazi, kwani akina mama wengi wamelaumiwa bure, au kuambiwa kuwa mtoto amerushiwa jicho.

MILANGO MITATU

Ili kuelewa kwa nini usingizi wa hospitali ni hatari kwa mtoto huyu, ni vyema kukumbuka kwamba mtu aliye macho huishikilia njia yake ya hewa bila kujua. Misuli ya ulimi na koo hukaza kidogo wakati wote na kuiacha nafasi ya pumzi wazi. Dawa nyingi za nusukaputi huilegeza misuli hiyo. Kwa mgonjwa wa kawaida si neno: daktari huinua taya lake, humfunika kinyago cha oksijeni usoni na kumsukumia hewa, kisha humwingiza mrija wa kupumulia kupitia mdomoni hadi ndani ya koo. Yote hayo yakishindikana, upo mlango wa mwisho, yaani kutoboa tundu mbele ya shingo.

Kwa mtoto mwenye uvimbe mkubwa wa limfu, milango yote mitatu huweza kufungika kwa wakati mmoja. Kinyago hakikai vizuri kwa sababu uso na taya vimetutumka. Ulimi umejaa mdomo mzima, na koromeo limesukumwa kando hata halionekani lilipotarajiwa. Mbele ya shingo, pale ambapo kisu cha dharura kingepita, pamejaa vifuko vya maji na mishipa ya damu iliyohama mahali pake. Mtoto huyo huyo aliyekuwa akicheza na kunyonya asubuhi, akipumua kwa kujikunja upande mmoja, huweza kuziba kabisa mara misuli yake inapolegea.

Isitoshe, mtoto mchanga hutumia oksijeni takriban mara mbili ya mtu mzima kwa kila kilo ya uzito wake, na akiba yake mapafuni ni ndogo. Pumzi ikikatika, kiwango cha oksijeni katika damu huporomoka kwa muda mfupi mno, moyo hupunguza mapigo, na baada ya dakika chache ubongo huanza kudhurika. Hapo hakuna muda wa kutafuta kifaa kabatini au kumpigia simu mtaalamu aliye nje.

Historia ina kejeli yake. Maonyesho mashuhuri ya kwanza ya nusukaputi mbele ya madaktari, yale ambayo William Morton aliyafanya kwa kutumia etha katika hospitali ya Massachusetts General mjini Boston mnamo Oktoba 16, 1846, yalihusu mgonjwa aliyekuwa na uvimbe wa kuzaliwa wa mishipa, chini ya taya upande wa kushoto wa shingo. Uvimbe huo ulikuwa wa juujuu na mgonjwa alipumua vyema hadi mwisho. Ungekuwa wa kina na wenye kubana koo, huenda siku hiyo ingekumbukwa kwa jambo jingine.

MASWALI KWA MZAZI

Maandalizi huanza siku kadhaa kabla ya upasuaji, na chombo cha kwanza ni mazungumzo. Daktari atataka kujua kama mtoto hukoroma, kama hushtuka usingizini akitafuta pumzi, na hulala kwa upande gani. Swali hili la mwisho huonekana dogo, lakini jibu lake humwonyesha daktari mkao ambao njia ya hewa hubaki wazi, na huenda huo ndio mkao atakaomweka mtoto anapompa dawa. Ataulizia pia kama mtoto huacha titi mara kwa mara ili apumue, kama sauti ya kilio chake imebadilika, na kama uvimbe umewahi kukua ghafla. Mafua au maambukizi ya koo huweza kuufanya uvimbe huu ufure kwa siku chache tu, sawa na damu inapovujia ndani ya kifuko. Mtoto mwenye mafua, ikiwa hali si ya dharura, hurudishwa nyumbani hadi apone.

Mzazi anayeficha kwamba mtoto amekohoa usiku kwa kuogopa kupoteza nafasi yake katika foleni ndefu ya upasuaji anaeleweka. Hata hivyo, hilo ndilo jambo ambalo daktari hana njia nyingine ya kulijua.

Picha za CT au MRI huonyesha uvimbe umefika wapi na umelisukuma koo kiasi gani. Tatizo ni kuwa mtoto mdogo hatulii ndani ya mashine, na kumpa dawa ya kumtuliza nje ya chumba cha upasuaji ni kuialika hatari ile ile inayoogopwa. Kwa wachanga, baadhi ya hospitali humnyonyesha mtoto ashibe, humvika nguo nzito na kumfunga shuka hadi asinzie mwenyewe. Njia hiyo haina dawa hata tone, na inafaa ijaribiwe kwanza.

Moyo pia hukaguliwa, kwa kuwa uvimbe huu wakati mwingine huandamana na hali nyingine za kuzaliwa, kama vile ile ya Down au ya Turner, ambazo huweza kuwa na kasoro za moyo. Damu ya akiba hupimwa na kutengwa, kwani mpasuaji atafanya kazi kando ya mishipa mikubwa ya shingo. Mtoto hufungishwa chakula: maziwa ya kopo au ya ng'ombe kwa muda wa saa 6, maziwa ya mama kwa saa 4, na maji matupu kwa saa 2. Dawa ya kutuliza, ambayo watoto wengine hupewa wadini ili wasilie wanapotenganishwa na mama, huyu hapewi.

PUMZI YAKE MWENYEWE

Ndani ya chumba cha upasuaji ipo kanuni moja inayotawala nyingine zote: mgonjwa aendelee kujipumulia mwenyewe mpaka mrija uwe umeingia na kuthibitishwa kuwa uko mahali pake. Dawa za kupooza misuli, zinazotumika kila siku ili kurahisisha uingizaji wa mrija, huwekwa kando. Mgonjwa aliyepoozwa na ambaye daktari hawezi kumsukumia hewa hana njia ya kurudi.

Ili kuilinda pumzi hiyo, madaktari wengi huanza na gesi ya kuvuta kama vile sevofluraini, wakiiongeza polepole huku mtoto akiwa ameketishwa au amelazwa ubavu. Wengine hutumia ketamini, dawa iliyozoeleka sana katika hospitali za Afrika, ambayo humwondolea mgonjwa maumivu na fahamu lakini kwa kawaida haizimi pumzi wala kulegeza misuli ya koo kama nyingine. Ubaya wake ni kwamba huongeza mate, hivyo hutanguliwa na dawa ya kuyakausha kama atropini. Ganzi ya lidokaini hunyunyizwa kooni kwa kipimo kinachohesabiwa kulingana na uzito, kwani kwa mwili mdogo ni rahisi kuzidisha.

Kisha koromeo hutafutwa. Kifaa bora ni mrija mwembamba unaopindika, wenye kamera kwenye ncha, ambao hupitishwa puani hadi kwenye njia ya hewa, na mrija wa kupumulia ukateleza juu yake kama ushanga kwenye uzi. Siku hizi vipo pia vifaa vya kumulika koo vyenye kamera na kioo kidogo, ambavyo bei yake imeshuka kiasi. Kijana au mtu mzima anayeweza kushirikiana hufanyiwa yote haya akiwa macho, koo likiwa limetiwa ganzi. Si jambo la kustarehesha, lakini ni salama zaidi.

Mpasuaji naye hasubiri nje akinywa chai. Husimama hapo akiwa amevaa glavu, vifaa vya kutoboa shingo vikiwa wazi mezani. Uvimbe ukiwa na kifuko kimoja kikubwa, huenda akakichoma sindano na kunyonya majimaji ili kupunguza shinikizo. Kwa uvimbe wenye vijifuko vidogo vidogo vingi, mbinu hiyo haisaidii.

Uvimbe unapogunduliwa kabla ya kuzaliwa na kuonekana kuziba koo, zipo hospitali chache duniani ambazo humtoa mtoto kwa upasuaji nusu tu. Kichwa na mabega hutolewa nje ilhali kitovu hakikatwi, na kondo la nyuma huendelea kumpa oksijeni huku madaktari wakimwekea mrija. Katika muda huo mama hupewa gesi nyingi ya nusukaputi ili mji wa mimba ulegee na kondo lisibanduke. Hivyo daktari wa nusukaputi huwa na wagonjwa wawili, na mmojawapo yumo katika hatari ya kuvuja damu nyingi.

BAADA YA UPASUAJI

Kuondolewa kwa uvimbe hakumalizi hatari. Ulimi na koo huweza kufura zaidi kuliko awali, na neva zinazoendesha sauti, uso na ulimi huenda zimeguswa. Ndiyo sababu mrija mara nyingi huachwa kwa siku moja au mbili katika chumba cha wagonjwa mahututi, hupewa deksamethasoni ya kupunguza uvimbe, na hautolewi mpaka ihakikishwe kuwa hewa yaweza kupita kandokando yake. Kuutoa mapema ili kitanda kipatikane ni kosa linaloweza kugharimu maisha. Mtoto anapoanza kunyonya tena, wauguzi huangalia chupa inayopokea majimaji ya kidonda: yakigeuka meupe kama maziwa, mshipa wa limfu umejeruhiwa, na lishe yake itabidi ipunguzwe mafuta.

Si kila uvimbe hupasuliwa. Mingi sasa hutibiwa kwa kudungwa dawa zinazoufanya usinyae, lakini kila kikao humhitaji mtoto kutiwa usingizi upya, na mahali palipodungwa huweza kufura kwanza kabla ya kunywea. Mojawapo ya dawa hizo, bleomisini, huweza kudhuru mapafu. Mtu aliyewahi kuipata hapewi oksijeni kwa wingi kupita anavyohitaji, na daktari asiyeambiwa hatajua. Wengine hutumia vidonge au dawa ya maji ya sirolimasi, inayozuia uvimbe kukua lakini hudhoofisha kinga na kuchelewesha kidonda kupona.

MARADHI MENGINE

Sirolimasi hiyo hiyo hutumika kwa ugonjwa mwingine adimu uitwao LAM, unaowapata takribani wanawake pekee, hasa wa umri wa kuzaa. Mapafu yao hujaa vishimo vyenye kuta nyembamba. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2011 ulionyesha kuwa dawa hiyo hupunguza kasi ya mapafu kudhoofika, na mwaka wa 2015 Marekani iliidhinisha matumizi yake kwa ugonjwa huo. Kwa daktari wa nusukaputi, mwanamke huyu ni kinyume cha yule mtoto: njia yake ya hewa iko wazi, hatari ni kusukumiwa hewa kwa nguvu hadi pafu litoboke na kusinyaa. Gesi ya nitrasi oksaidi huepukwa kwa kuwa hupanua kila nafasi yenye hewa iliyofungika. Akiwa anajifungua kwa upasuaji, ganzi ya mgongoni humfaa zaidi. Limfu nayo huweza kujaa kifuani mwake, na yafaa itolewe kwanza ili mapafu yapate nafasi. Ikitolewa mara kwa mara, mgonjwa hupoteza protini ambazo baadhi ya dawa hujishikiza kwazo katika damu, na kipimo cha kawaida kikawa kikubwa mno kwake.

Ugonjwa wa Castleman umepewa jina la Benjamin Castleman, daktari wa hospitali ile ile ya Boston, aliyeueleza katika miaka ya 1950. Aina yake moja huandamana na virusi vya Ukimwi, hivyo si jambo geni kabisa kwa madaktari wa Afrika Mashariki. Matezi yakivimba katikati ya kifua, mgonjwa anayepumua vyema akiwa ameketi huweza kushindwa anapolazwa chali, kwani uzito wa uvimbe hukandamiza njia ya hewa chini ya pale ambapo tundu la shingoni lingesaidia. Anayesema kwamba hulala akiwa ameegemea mito asilazimishwe kulala bapa. Ikiwezekana, kipande cha tezi cha kupimwa huchukuliwa shingoni au kwapani kwa ganzi ya mahali hapo tu.

Katika ugonjwa wa Gorham-Stout, ambao mishipa ya limfu hula mifupa hadi ikatoweka, jambo la kuangaliwa ni uti wa shingo, ambao huweza kuvunjika kichwa kinapoinuliwa ili kuingiza mrija. Wenye miguu au mikono iliyovimba tangu utotoni wana nafuu kubwa; desturi ni kutodunga sindano wala kufunga kipimo cha shinikizo la damu katika kiungo kilichoathirika, kwani maambukizi huko hayaishi upesi.

Yote haya huhitaji watu na vifaa. Shirikisho la dunia la vyama vya madaktari wa nusukaputi linapendekeza angalau madaktari bingwa 5 wa taaluma hiyo kwa kila watu 100,000. Kenya, sawa na nchi nyingi za Afrika, iko mbali na kiwango hicho licha ya mafunzo yanayotolewa katika Chuo Kikuu cha Nairobi na Aga Khan, na katika hospitali nyingi za kaunti kazi hiyo hufanywa na maafisa wa kliniki na wauguzi waliosomea nusukaputi. Wengi wao ni mahiri. Lakini umahiri hauwezi kuchukua nafasi ya kamera ambayo haipo, wala ya kitanda cha mahututi kilichoko umbali wa saa 5 kwa gari. Afisa anayekataa kumtia usingizi mtoto wa aina hii na kumwandikia rufaa hadi Kenyatta au Eldoret hajashindwa kazi, hata wazazi wakinung'unika nauli.

Orodha ya usalama wa upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2008 inaitaka timu iulize, kabla ya mgonjwa kupewa dawa, iwapo njia yake ya hewa ni ngumu na kama vifaa na msaada vipo. Hiyo orodha ni karatasi moja tu, na haihitaji umeme. Kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni nacho kimesambaa zaidi katika miaka ya karibuni, ijapokuwa utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2020 ulibainisha kwamba mara nyingine kwa watu weusi husoma kiwango cha juu kuliko kilichomo katika damu.

Mgonjwa anaporuhusiwa kwenda nyumbani, anastahili kupewa barua inayoeleza kilichokuwa kigumu, mrija wa ukubwa gani uliingia, kwa njia ipi na baada ya majaribio mangapi. Uvimbe huu hurudi mara nyingi, na upasuaji unaofuata huenda ukafanywa katika hospitali nyingine, usiku, na daktari ambaye hajawahi kumwona mtoto huyo. Mzazi asiyepewa barua hiyo anaweza kuiomba kabla ya kuondoka wadini, na kuihifadhi pamoja na kitabu cha kliniki.